Ukuta na Zamu: Mahekalu ya Kale ya Matofali na Mahali Patakatifu pa Buhaya



Nilipotaja kwamba mhadhara wangu utahusu mahekalu ya Kibaniani yaliyojengwa kwa matofali, mzee mmoja wa hapa Bukoba alinitazama kwa huruma, akaniuliza: "Waitu, sisi watu wa migomba tuna nini na mahekalu ya Wahindi?" Swali lake limenisaidia kuliko vitabu nilivyosoma, maana lilinilazimisha nitafute kinachotuunganisha na watu walio ng'ambo ya bahari. Nitalijibu kwa kirefu, ila nalitanguliza jibu lenyewe kwa maneno machache, ili anayewahi gari la Muleba asiondoke mikono mitupu.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo imekamilika isipokuwa kwa jambo moja: haisemi nani azibe. Nami nadai kwamba mahali pa ibada, pawe pa dini yoyote, huanza kubomoka siku ile mwenye zamu ya kupatazama alipoacha kwenda na asiwepo wa kumuuliza. Ukuta huchukua muda kupata habari hizo. Unaweza kusimama miaka 50 zaidi, hata 100, kisha ukaanguka, nasi tukalaumu mvua.

Tofali linavyoishi na linavyokufa

Tuanze na tofali. Katika bonde la mto Ganga, kaskazini mwa India, na katika nchi yote ya Bengali, ardhi ni tope la mito lililotua kwa maelfu ya miaka. Mawe ya kujengea ni adimu. Mfalme aliyetaka kumjengea mungu wake nyumba ya kudumu alikuwa na udongo, maji na kuni, basi akapika tofali. Karibu na Kanpur, mahali paitwapo Bhitargaon, lipo hekalu la karne ya 5, zama za wafalme wa Gupta, lililojengwa lote kwa matofali na kupambwa kwa vibao vya udongo wa kuchoma vyenye sanamu za miungu, watu na wanyama. Radi iliharibu kilele chake, lakini kiwiliwili kimebaki. Huko Sirpur, katika jimbo la Chhattisgarh, hekalu la Lakshmana limesimama tangu karne ya 7. Lilijengwa na Vasata, mama wa mfalme, kwa ajili ya kumkumbuka mumewe aliyefariki. Mjane aliomboleza kwa tofali, na maombolezo yake tunayaona hadi leo.

Ninayoyapenda zaidi ni mahekalu ya Bishnupur, Bengali Magharibi, yaliyojengwa na wafalme wa ukoo wa Malla. Rasmancha ni la mwaka 1600 hivi, Shyam Rai la 1643, Jor Bangla la 1655. Tazameni picha ya Jor Bangla. Paa lake limepinda kama mgongo wa ng'ombe na kingo zake zimeshuka pande zote mbili. Kwa nini fundi wa matofali ahangaike kupinda paa, wakati tofali linapenda mstari ulionyooka? Kwa sababu alikuwa akiiga kibanda cha mkulima wa Bengali, nyumba ya mianzi na nyasi ambayo paa lake hupinda ili mvua iteleze. Jina lenyewe lina maana ya vibanda viwili vilivyounganishwa. Fundi alichukua umbo la nyumba ya mnyonge, akaligeuza tofali, akamkaribisha mungu humo. Sisi tuna mushonge, nyumba ya mviringo iliyofunikwa nyasi toka kileleni hadi chini. Fikirini mushonge wa matofali ya kuchoma, wenye picha za senene, mitumbwi na mikungu ya ndizi zilizochorwa katika udongo ukutani. Ingekuwa hivyo, mzee wangu asingeuliza swali lake.

Tofali hili lina maadui wanne. Wa kwanza ni maji, na Bengali hupata mvua nyingi kama sisi wa Bukoba, ambao mwaka wa kawaida hutupatia karibu milimita 2,000. Wa pili ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, lakini chumvi iliyokuwa ndani yake haikauki pamoja nayo. Hubaki, huganda, hutanuka, na kidogo kidogo huutafuna uso wa tofali. Adui wa tatu ni mzizi. Huko mkosaji mkubwa ni mti wa peepal, jamaa wa mtoma wetu, ule ambao mababu waliuchuna gome kutengeneza rubugo. Ndege hudondosha mbegu katika ufa, na baada ya miaka michache mzizi mnene kama mkono umeupasua ukuta. Mti huo ni mtakatifu kwa Wabaniani, kwa hiyo mara nyingi waumini wenyewe husita kuukata. Mungu mmoja anabomoa nyumba ya mwenzake!

Adui wa nne ni binadamu, naye huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya vita. Mỹ Sơn, katikati ya Vietnam, ni bonde ambalo wafalme wa Champa walijenga mahekalu ya matofali kwa ajili ya Shiva kati ya karne ya 4 na ya 13. Mwezi Agosti 1969 ndege za Marekani zililipiga bonde hilo mabomu, na mnara uliosifiwa kuliko yote ukawa kifusi. Mwaka 1999 UNESCO iliyaingiza mabaki yake katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mei 2020 mafundi kutoka India waliokuwa wakikarabati hekalu mojawapo walifukua linga ya jiwe la mchanga, alama ya Shiva, nzima kabisa, ya karne ya 9. Ilikuwa imelala chini wakati mabomu yakianguka juu. Watu wa Kagera hatuhitaji kuelezwa maana ya nyumba ya ibada iliyopigwa vitani. Magofu ya kanisa la Kyaka yametusimulia tangu vita vya 1978.

Sura ya pili ya binadamu ni ya ukarimu, nayo hudhuru kimya kimya. Ni mtu anayependa ukuta wa kale, ana fedha kidogo, ananunua saruji. Huyo nitamrudia.

Jumamosi yetu na Jumamosi yao

Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Jumamosi. Ilipata saa tisa na nusu alasiri. Wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi, kwa hiyo sitasimulia sana. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipita chini yetu, watu wasiopungua 17 wakafariki, majumba ya shule za Ihungo na Nyakato yaliyosomesha vizazi yakapasuka, na katika kila kata kulikuwa na nyumba ya matofali iliyolala chini. Waliotembea mjini siku zile waliona kwamba kuta zilianza kuanguka kwa ile pembetatu ya juu, inayoshika paa upande wa mbele na wa nyuma. Pembetatu hiyo husimama peke yake bila kufungwa na kitu. Nyumba ikitikiswa, huanguka nje kama mtu aliyesukumwa mgongoni.

Sasa twende Dinajpur, kaskazini mwa Bangladesh. Hapo lipo hekalu la Kantajew, nyumba ya Krishna, lililokamilishwa mwaka 1752. Kila ukuta wake umejaa vibao vya udongo wa kuchoma: vita vya Ramayana na Mahabharata, mitumbwi mtoni, mabwana wa Kimughali wakivuta buruma, wawindaji na mbwa wao. Juu lilikuwa na minara tisa. Tarehe 12 Juni 1897, Jumamosi pia, tetemeko kubwa la Assam liliiangusha yote. Kama ilivyokuwa kwetu, kilichokuwa juu na hakikufungwa ndicho kilichotangulia.

Baada ya hapo bwana wa Dinajpur aliukarabati mwili wa hekalu. Minara haikurudishwa, na hadi leo hekalu halina kichwa. Lakini muulize anayeyajua majengo ya Bengali ni hekalu gani la matofali lililo hai kuliko mengine, atataja hilihili. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa Krishna inapokaribia, sanamu yake hutolewa, hupakiwa katika mashua, husafirishwa mtoni hadi mjini Dinajpur na kukaa huko miezi kadhaa, kisha hurudishwa kwa sherehe na gulio kubwa mwezi Novemba. Ndipo nilipoiona siri. Yuko mtu ambaye lazima aandae mashua, yuko wa kufagia kabla mwenye nyumba hajarudi, na yuko wa kutazama kama paa linavuja, kwa sababu ana tarehe na mgeni anakuja. Hekalu lisilo na minara lina zamu. Huko Bishnupur, minara ipo na serikali imeweka uzio, lakini mengi ya mahekalu yale hayana tena ibada. Yanatunzwa vizuri na watumishi wa mshahara, nasi tuwashukuru. Hata hivyo mtumishi akistaafu na nafasi isipojazwa, hakuna mungu atakayerudi kwa mashua akakuta kumechafuka.

Zamu ilikuwa na shamba

Zamu haisimami hewani. Kwa desturi ya Kibaniani sanamu ya hekaluni huhesabiwa kisheria kama mtu: inaweza kumiliki shamba na kudai haki mahakamani. Mlinzi wake, aitwaye shebait, huishi kwa mapato ya shamba hilo na kwa hayo hulitunza hekalu. Mwaka 1950 Bengali Mashariki ilipitisha sheria ya kuwanyang'anya mabwana wa kikabaila ardhi zao ili mkulima apumue. Ilikuwa haki. Lakini palepale mahekalu mengi yaliyotegemea mabwana wale yakapoteza mlezi.

Nani hapa hajasikia hadithi yake mwenyewe? Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na Bakama, wafalme wetu wa Kiziba, Kyamutwara, Kihanja, Ihangiro na kwingineko wakawa raia kama sisi. Miaka ya 1960 nyarubanja, mfumo wa ardhi wa bwana na mtwana, nayo ilifutwa, mtwana akawa mwenye kibanja chake. Silalamikii hata moja kati ya hayo, wala simwombei mtu arudi kulipa kodi ya mkungu. Ninachosema ni kwamba pamoja na nyarubanja liliondoka fungu la watu ambao kazi yao ilikuwa kufagia kaburi la mfalme, kuezeka nyumba yake na kuwasha moto wake. Tulifuta dhuluma tukafuta na zamu, hatukukumbuka kumpa mtu mwingine ufagio.

Majirani zetu wa Buganda walikuwa na bahati. Makaburi ya wafalme pale Kasubi, Kampala, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea yote. Ingekuwa ni ukuta tu, hadithi ingeishia kwenye majivu. Lakini kuezeka nyumba ile ni haki na wajibu wa ukoo wa Ngeye, na mapambo yana ukoo wake. Nyumba iliungua, wenye zamu walikuwapo. Ilichukua zaidi ya miaka 10, yakiwemo magomvi, na mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Katuruka: hekalu lisilo na ukuta

Sasa nifike nyumbani. Upande wa Maruku, Bukoba Vijijini, kipo kijiji cha Katuruka. Hapo ndipo ilipokuwa ikulu, yaani ekikale, ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara katika karne ya 17. Masimulizi yanasema mfalme huyo aliwaita wahunzi akawaamuru wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ulipanda, kisha ukaanguka, na chuma chake kikazama ardhini. Mahali penyewe panaitwa Kaiija, jina ambalo tafsiri yake ni mahali pa kufulia chuma, na hapo palikuwa na mti mkubwa uliotunzwa kama patakatifu.

Mwaka 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia kijana kutoka Marekani, aliwasikiliza wazee wa Katuruka. Walimwonyesha Kaiija, wakamwambia chuma kilifuliwa hapo. Akachimba. Akakuta kiwanda cha mhunzi, vipande vya chuma na vyungu vya aina ya Urewe, vya kale kuliko Rugomora Mahe kwa zaidi ya miaka 1,000. Upande wa Kemondo vilevile alifukua mashimo ya tanuri za zama hizo za mwanzo wa chuma. Mwaka 1978, pamoja na Donald Avery, alichapisha katika jarida la *Science* makala juu ya ufundi wa Wahaya wa kuyeyusha chuma, baada ya wazee waliojua kazi hiyo kujenga tanuri upya na kuliwasha mbele yake. Wanazuoni wanabishana bado kuhusu tarehe hasa, na kuhusu namna kumbukumbu ilivyovuka muda mrefu kiasi hicho. Wabishane, ndiyo kazi yao. Jambo ambalo halina ubishi ni kwamba wazee walionyesha mahali, na mahali pakatoa chuma.

Nawaomba mlitazame tanuri la Kihaya kwa karibu, kwa sababu ndilo hekalu letu la udongo. Wahunzi wa zamani walifanya hivi: huchimbwa shimo, likakandikwa udongo wa kichuguu, maana udongo uliopitia mdomoni mwa mchwa huvumilia moto kuliko mwingine. Katikati ya sakafu huchimbwa kishimo kingine kidogo, humo hutiwa dawa, kisha hufukiwa asikione mtu. Ukuta wa juu hujengwa kwa mavi ya chuma yaliyobaki katika kazi ya nyuma na udongo uleule wa kichuguu. Pembeni huingizwa mirija ya udongo, na nyuma ya mirija hukaa vijana wenye mivukuto wakivukuta kwa kupokezana huku wakiimba. Tanuri huchukuliwa kuwa ni bibi harusi anayetarajiwa kuzaa, kwa hiyo wafanyakazi hujizuia na wake zao mpaka kazi iishe. Chuma kikishaiva, tanuri hubomolewa ili kitolewe. Ukuta uliojengwa kwa ibada unavunjwa kwa mikono ya waliouabudia, na mavi yake yanangoja kujenga tanuri lijalo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Bhitargaon. Mbaniani wa Gupta aliiweka imani yake katika tofali lidumu. Babu yetu alijenga akijua atabomoa, aliezeka mushonge akijua nyasi zitaoza, na imani yake akaiweka katika mahali, jina na zamu. Tofali la Bhitargaon lina miaka 1,500. Kaiija haikuwa na tofali hata moja, na ilibaki ikijulikana mpaka mzee mmoja akainua mkono mwaka 1970 akaonyesha pale.

Ndiyo maana hasara yetu haionekani kwa macho. Hekalu la matofali likianguka huacha kifusi, mtalii hupiga picha, gazeti huandika. Mahali patakatifu pa Mhaya pakifa hubaki shamba la kahawa. Mwaka 1983 Kagera ilitoa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania, na miaka iliyofuata ilizika watu wa makamo, yaani walewale ambao walipaswa kupokea masimulizi kwa wazazi na kuwapa watoto. Wazee walibaki na maneno bila wa kuwaachia. Hakuna mvua wala mzizi wa peepal uliowahi kubomoa kama miaka ile ilivyobomoa.

Lakini ukoo haukatiki wote. Miaka michache kabla na baada ya 2010, wanakijiji wa Katuruka wenyewe waliunda kamati, wakaanza kukusanya masimulizi kwa wazee waliobaki, wanawake kwa wanaume, wakamshirikisha tena Schmidt, ambaye sasa naye alikuwa mzee. Wakafufua sehemu za ibada za ikulu ile na kufungua mlango kwa wageni. Hawakusubiri agizo la wizara. Waligundua zamu imeachwa, wakaiokota.

Lipu ya mwenye nia njema

Nilisema nitamrudia mtu wa saruji. Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika kanisa la kigango kimoja wilayani Muleba, ambacho sitakitaja jina. Ni kanisa la matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa tope, la zama za wazazi wa wazazi wetu. Wamisionari wa Afrika walifika Kashozi mwaka 1892, seminari ya Rubya katika Ihangiro ikaanza 1904, Walutheri wa Betheli wakaja 1910, na kila walipokwenda tanuri za tofali zilifuka moshi. Waumini wa kigango kile walilipenda kanisa lao. Walichanga, wakanunua saruji, wakapiga lipu kuanzia sakafuni hadi kiunoni, ndani na nje, kisha wakapaka rangi ya samawati.

Nilipofika, lipu ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kwa kidole gumba, likabanduka bamba la ukubwa wa sinia. Nyuma ya bamba hilo ulikuwa umeng'ang'ania uso wa tofali wenyewe, na pale ulipobanduka tofali lilikuwa unga mwekundu unaomwagika. Juu ya unga kulikuwa na kitu cheupe kama ukungu. Nikakigusa kwa ulimi: chumvi. Saruji ni ngumu kuliko tofali la kale na haipitishi unyevu. Maji yaliyokuwa yakipumua nje ya ukuta yalizibiwa pua, yakaivunja nyama ya tofali yakitafuta pa kutokea. Waliposimamia mahekalu yao ya kale, mafundi wa Asia walilijua hili kwa gharama kubwa. Sasa hutumia chokaa, au udongo unaolingana na wa mwanzo, ili kiraka kiwe laini kuliko nguo.

Nikatoka nje kutazama maji yanatoka wapi. Mfereji wa bati ukingoni mwa paa ulikuwa na tundu linaloingia ngumi. Chini yake, ardhini, mvua ilikuwa imechimba mtaro hadi kwenye msingi. Ufa haukuwa ukutani, ulikuwa kwenye bati. Nikarudi mlangoni na hapo nikaiona karatasi imebandikwa: zamu za jumuiya. Juma la kwanza jumuiya fulani, la pili fulani, hadi la nne. Kufagia. Kupiga deki. Maua. Vitambaa vya altare. Zamu ilikuwepo, hai kabisa, na akina mama walikuwa wakiitimiza bila kukosa. Sakafu ilikuwa safi mtu angeweza kulia chakula juu yake. Lakini katika karatasi ile hakuna aliyeandikiwa kuinua macho atazame mfereji.

Tunachoweza kufanya kabla ya masika

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Kashozi ilichelewa miaka 29. Majengo ya misheni, misikiti ya mwanzo, ngome ya Wajerumani na maduka ya Wahindi hapa mjini hayalindwi mpaka waziri ayatangaze. Halmashauri zetu za Bukoba na Muleba ziombe yatangazwe, na ziombe kwa majina. Ila sheria haipandi ngazi kuziba bati.

Kwa hiyo maombi yangu ni madogo, na yote yanahusu ile karatasi mlangoni. Ongezeni mstari mmoja: mara moja kwa mwezi, jumuiya yenye zamu izunguke jengo kwa nje, itazame mfereji, paa na msingi, ing'oe kila mche uliochipua ukutani ungali wa urefu wa kidole, na iandike ilichoona. Kabla ya kununua mfuko wa saruji kwa ukuta wa kale, mwiteni fundi mwashi anayejua chokaa, na kwanza zibeni bati. Ile pembetatu ya juu ifungwe na paa kwa mbao na vyuma, maana ardhi iliyotikisika 2016 haijahama. Msikiti nao una zamu zake, uongeze mstari huohuo. Na kila kijiji chenye mahali kama Kaiija kimwandike kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wakae na mzee mwenye habari mpaka waweze kupaonyesha mahali hapo kwa mkono, bila yeye.

Mzee wangu aliyeuliza mahekalu ya Wahindi yanatuhusu nini yupo hapa ukumbini, nimemwona. Mzee, nakujibu kwa swali: mfereji wa kanisa lako una zamu ya nani mwezi huu?